Kabla hujalipia semina ya ndoa: namna ya kupima programu za kuboresha unyumba

Jirani yangu alinijia baada ya sala ya magharibi, simu mkononi, akakaa barazani kabla sijamkaribisha. Kwenye simu palikuwa na tangazo: siku tatu za "kufufua unyumba" katika hoteli moja ya Malindi, mke na mume, malazi na chakula ndani. Mumewe alikuwa amekubali kwenda, na hilo peke yake si jambo dogo. Alichotaka kwangu ni jibu fupi. "Bi Mwalimu, yafaa au haifai?"

Sikuweza kumjibu kwa neno moja, na usiku ule tuliongea mpaka mtaa mzima ukalala. Mwongozo huu umetoka kwenye mazungumzo yale, na kwenye miaka niliyokaa na wake na waume wa Langoni, Mkomani na Shela, hapa kisiwani Lamu, nikiwa mshauri wa afya ya uzazi. Nawaandikia wawili waliopendana, wakajenga nyumba, halafu wakajikuta wanalala kitanda kimoja kama wapangaji. Wanaona programu kila upande: semina za hotelini, kozi za WhatsApp, programu za simu, darasa la ustadhi, mchungaji, mshauri wa hospitali, na somo wetu wa tangu zamani, mama anayemfunda bi harusi. Kila mmoja anaahidi. Kazi yenu ni kupima, na kipimo kinaanza kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Hatua ya kwanza: ulizeni kama kuna hofu

Programu za wanandoa zimetengenezwa kwa watu wawili wanaoweza kusema mbele ya mshauri bila kuadhibiwa nyumbani. Anayepigwa akiketishwa darasani kando ya anayempiga, akaambiwa "toa yaliyo moyoni", atakachokisema mchana atakilipia usiku. Nimeona hilo kwa macho yangu, na ndiyo sababu naliweka mwanzo kabisa.

Swali la kujiuliza ni moja, na kila mtu ajibu akiwa peke yake: nikimwambia mwenzangu "leo sitaki", nitalala salama? Kama jibu ni hapana, weka tangazo la semina pembeni. Hapo panatakiwa msaada wa aina nyingine: dawati la jinsia katika kituo cha polisi, hospitali, au nambari 1195 ambayo hailipishwi. Kenya ina sheria ya 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Inautaja hata ukatili wa kingono ndani ya ndoa na ule wa kubana pesa, na inamruhusu aliyeumizwa kuomba mahakama impe amri ya ulinzi. Wengi wetu tumelelewa tukidhani mahakama haina la kusema juu ya chumba cha kulala. Inalo.

Na hii iwe alama yako ya kwanza ya kuipima programu: je, wao wenyewe wanauliza swali hilo, kwa kila mmoja kando, kabla ya kuwaandikisha? Wasiouliza wamepungukiwa na jambo la msingi.

Hatua ya pili: mwili kwanza

Kuna waume waliozunguka semina tatu wakitafuta dawa ya "mapenzi yaliyopoa", kumbe sukari iko juu na hakuna aliyewahi kuipima. Kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo hudhoofisha nguvu za kiume kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu imeharibika, na hata baadhi ya dawa za presha huchangia. Mara nyingine udhaifu huo ndio dalili ya mwanzo ya ugonjwa wa moyo, kwa hiyo aibu inaweza kumgharimu mtu uhai. Vidonge vinavyouzwa kisirisiri navyo si mchezo: sildenafil, dawa ya kuongeza nguvu za kiume, ikikutana mwilini na dawa za moyo za jamii ya nitrati, presha huporomoka ghafla na mtu anaweza kufa.

Kwa upande wa wanawake, maumivu wakati wa tendo si "baridi" wala si ukaidi. Yanaweza kuwa maambukizi, ukavu wa baada ya kujifungua au wa kukoma hedhi, kovu la mshono, madhara ya kukeketwa, au misuli inayojikaza yenyewe kwa woga. Mama anayenyonyesha na kuamka mara nne usiku hana deni na mtu.

Basi kabla ya kuvuka maji kwenda semina, nendeni hospitali ya King Fahd hapa Lamu, au ile ya serikali kule Malindi kama mko upande huo, mkapimwe wote wawili. Programu nzuri hukuuliza umepimwa lini. Programu mbaya hukuuzia mafuta na mizizi mlangoni.

Hatua ya tatu: andikeni shida yenu kwa sentensi moja

Kila mmoja kwenye karatasi yake. Si "ndoa yangu mbaya", bali "tunaongea habari za pesa na watoto tu", au "ananigusa pale tu anapotaka tendo", au "tangu msiba wa mtoto hatujakaribiana". Mara nyingi karatasi mbili hizo hazifanani, na hapo tayari mmejifunza jambo ambalo hamkulilipia. Programu mtakayoichagua iguse angalau sentensi moja kati ya hizo mbili, na isiwe ya mmoja tu.

Hatua ya nne: jueni mnauziwa nini

Chini ya majina mengi ya kuvutia kuna njia chache tu, na inasaidia kuzitambua.

Ya kwanza ni mafunzo ya ustadi wa kuongea. Howard Markman na Scott Stanley wa Chuo Kikuu cha Denver, Marekani, waliijenga programu ya namna hiyo kuanzia miaka ya 1980: mmoja anasema, mwingine anarudia alichosikia kabla ya kujibu, halafu wanabadilishana. Inaonekana ya kitoto mpaka ujaribu ukiwa na hasira.

Ya pili huchimba chini ya ugomvi. Sue Johnson na Leslie Greenberg waliianzisha Kanada miaka hiyo hiyo, na inatafuta kile kinachoogopwa: mke anayelalamika mfululizo huenda anauliza "bado unanitaka?", na mume anayenyamaza huenda anaogopa kukosea tena. Hii huhitaji mshauri aliyefunzwa na vikao vingi. Akikuahidi mtu kuifanya kwa Jumamosi moja, mkatalie.

Ya tatu inatokana na kuwatazama wanandoa wakigombana. John Gottman, mwanasaikolojia wa Seattle, Marekani, aliwarekodi na kuhesabu maneno na nyuso zao. Alionya sana juu ya mambo manne: kumshambulia mtu tabia yake, dharau, kujitetea kila mara, na kujifunga kimya. Utasikia kwenye matangazo kwamba aliweza kutabiri talaka kwa zaidi ya asilimia 90. Hapo msibabaike. Kujua jahazi lipi litazama ni jambo moja, kuliziba ni jambo lingine; utabiri hauthibitishi kwamba darasa linatibu.

Ya nne ni mazoezi ya kugusana, waliyoyaeleza watafiti William Masters na Virginia Johnson wa St. Louis, Marekani, mwaka 1970. Wanandoa hukatazwa tendo lenyewe kwa muda, kisha hugusana kwa zamu bila lengo lolote ila kuhisi. Kwa mtu ambaye kila mguso umekuwa mtihani, katazo hilo huleta pumzi kubwa. Lakini wale wawili walitangaza hesabu ya walioshindwa badala ya kueleza wazi kufaulu ni nini hasa, na wataalamu waliofuata waliwakosoa kwa hilo. Chukueni swali hilo mwende nalo kwa kila muuzaji: ukisema "wamefaulu", unamaanisha nini?

Na somo je? Bi harusi wa Lamu hukabidhiwa somo amfunde, awe naye karibu siku za fungate, na baadaye awe mtu wa kumkimbilia. Elimu hiyo ina hazina: usafi, manukato, lugha ya macho, subira, na ruhusa ya mwanamke kujua mwili wake. Naiheshimu, nami nilipita humo. Kasoro yake naisema kwa uchungu: mara nyingi humfunda mmoja. Mwanamke anabebeshwa kazi yote ya kupendeza na kuridhisha, na kijana wa kiume anaingia chumbani akiwa amefundwa na simu yake. Semina nyingi za leo zimerithi kasoro hiyo hiyo. Hesabuni saa: kati ya saa zote za programu, ngapi zinamwambia mume la kufanya?

Hatua ya tano: ushuhuda si ushahidi

Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Chukua wanandoa wa kijijini, mume mvuvi. Mwezi wa saba kusi inavuma, bahari imechafuka, vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba, mfuko mtupu. Mume yuko nyumbani tangu asubuhi, mke anakopa unga, wananuniana. Mwezi wa nane wanaenda semina. Mwezi wa kumi na moja bahari imetulia, kaskazi inaingia, samaki wanapatikana, wageni wanarudi hotelini. Nyumba ina amani. Ukiwauliza watasema kwa moyo safi kabisa, "Semina ile imetuokoa." Huenda ni semina. Huenda ni upepo.

Watu hutafuta msaada wakiwa kwenye shimo la chini kabisa, na aliye chini kabisa mara nyingi hupanda kidogo hata asipoguswa, kama homa inavyoshuka yenyewe. Kwa hiyo swali la "walipata nafuu?" halitoshi. Swali ni hili: walipata nafuu kuliko wenzao wa hali ile ile ambao hawakwenda? Ndiyo maana watafiti hugawa watu kwa kura, nusu waingie programu, nusu wasubiri, kisha wawalinganishe.

Serikali ya Marekani ilifanya hivyo kwa upana mkubwa. Mpango wao mmoja, Building Strong Families, ulipima zaidi ya jozi 5,000 za wapenzi wasiofunga ndoa waliokuwa wakitarajia mtoto au wamempata karibuni, katika maeneo manane. Baada ya miezi 15, kwa jumla, waliopangiwa mafunzo hawakutofautiana na wasiopangiwa. Oklahoma City palionekana faida. Baltimore mambo yalikuwa mabaya zaidi: waliopangiwa mafunzo walibaki pamoja wachache kuliko wasiopangiwa. Na kwa jumla, takriban wanne katika kila kumi ya waliopangiwa hawakuwahi kukanyaga darasani. Mpango wa pili, Supporting Healthy Marriage, ulichukua zaidi ya jozi 6,000 za wanandoa. Huko walipata nafuu ndogo lakini ya kweli: furaha zaidi, maneno makali machache, na nafuu hiyo ilikuwepo hata baada ya miezi 30, ingawa idadi ya waliobaki kwenye ndoa haikubadilika.

Nafuu ndogo. Hicho ndicho kimo cha kweli cha programu nyingi zilizofundishwa vizuri kwa watu wengi. Anayekuahidi ndoa mpya kwa siku tatu anakuahidi zaidi ya walichokipata watu wenye mamilioni ya dola na wakufunzi waliofunzwa.

Kwa hiyo ukimpigia mwandaaji simu, muulize: wangapi walianza na wangapi walimaliza? Shuhuda hutolewa na waliofika mwisho. Walioondoka siku ya pili hawashikiwi kipaza sauti. Muulize kama aliwafuatilia watu baada ya miezi mitatu, na aliwauliza wake na waume kila mmoja kando au aliwauliza wakiwa wameshikana mikono. Kama hana jibu, si lazima awe tapeli. Ila ujue kwamba hata yeye hajui kama dawa yake inafanya kazi.

Hatua ya sita: mwalimu, na siri zenu

Hapa kwetu Kenya kuna sheria ya 2014 inayohusu washauri nasaha na wanasaikolojia, kwa hiyo unayo haki ya kumuuliza mtu anayejiita mshauri amesomea wapi, amesajiliwa wapi, na nani anamsimamia. Ustadhi au mchungaji anaweza kukosa cheti hicho na bado akawa mshauri mwema, mradi ajue mpaka wake, na akutume hospitali au kwa mtaalamu inapobidi.

Lakini Lamu ni vichochoro. Ukikohoa kwako, jirani anakuambia pole. Niliwahi kuhudhuria semina moja bara, sitaitaja. Mwezeshaji alitutaka tusimame wawili wawili, kila mke aseme hadharani lini mara ya mwisho alikaribiana na mumewe. Mama mmoja wa makamo alisimama, akashika ncha ya mtandio wake akaukunja na kuukunjua, akasema tarehe. Watu wakaguna. Mumewe aliangalia sakafu mpaka mwisho wa kikao, na siku ya pili hawakurudi. Tulimwaga mtama kwenye kuku wengi, na aliyelipa ni yule mama.

Ulizeni mapema: ni lazima kusimulia mbele za watu? Fomu zetu atakaa nazo nani, na zitachomwa lini? Kwenye kundi la WhatsApp, ni nani anayeona nambari yangu? Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka taarifa zako zichukuliwe kwa ridhaa yako au kwa msingi mwingine wa kisheria, na kwa sababu uliyoelezwa, na habari za afya, za ndoa na za familia inazihesabu kuwa nyeti. Programu ya simu inayotaka kusoma orodha ya namba zako na picha zako ili ikufundishe kuongea na mumeo, ifute.

Hatua ya saba: bei yote

Jumlisheni boti ya kwenda Mokowe, upande wa bara, basi, mtu wa kukaa na watoto, siku za kazi zilizopotea, kisha ada. Gawanyeni kwa saa mtakazofundishwa kweli, mkitoa chakula na picha. Mara nyingi vikao sita vya saa moja moja na mshauri wa karibu hutoka rahisi, na vina faida nyingine: kati ya kikao na kikao mnapata wiki ya kujaribu nyumbani, mkakosea, mkarudi kuuliza.

Hatua ya nane: daftari

Hii ndiyo kazi yenyewe. Nunueni madaftari mawili madogo. Kila mmoja ajibu peke yake, kwa alama kuanzia 0 hadi 10: naweza kusema lililo moyoni, tunaongea mambo yasiyo ya pesa wala watoto, tukigombana tunapatana, nimeridhika na jinsi tunavyogusana, nimeridhika na unyumba, naweza kusema "sitaki" bila hofu, naona mwenzangu yuko upande wangu. Wiki mbili kabla ya programu mjibu mara ya kwanza, siku ya kuamkia programu mara ya pili, mkimaliza mara ya tatu, na baada ya miezi mitatu mara ya nne. Mara mbili za mwanzo zina sababu: zinawaonyesha alama zenu hupanda na kushuka kiasi gani bila programu yoyote. Kama kwa kawaida hucheza kwa alama mbili, basi kupanda kwa alama mbili si muujiza.

Wanandoa wawili waliniruhusu kuonyesha daftari lao bila majina. Kwenye "tunaongea", mke aliandika 2, kisha 3. Baada ya vikao sita akaandika 7, na miezi mitatu baadaye 5. Mume alianza na 7, tena 7, halafu akashuka hadi 5, mwisho 6. Alikuja kwangu amefadhaika, akidhani programu imemharibia. Nilimwomba aziweke namba zake kando ya za mkewe. Mwanzoni walikuwa mbali kwa alama tano, wakiishi katika ndoa mbili tofauti ndani ya nyumba moja. Mwisho walikuwa mbali kwa alama moja. Alama yake ilishuka kwa sababu alikuwa ameanza kusikia. Kwenye "unyumba" mke alikuwa na 3, 3, 4, kisha 6. Chumba kilichelewa, kikaja nyuma ya mazungumzo. Kama wangeishia kupima siku ya kumaliza programu, wangesema kwa upande huo hakuna kilichofanyika.

Alama ya "sitaki bila hofu" ikishuka kwa yeyote kati yenu, simamisheni programu hata kama nyingine zote zimepanda.

Kina mama wenye vyama vyao wanaweza kupima vizuri zaidi. Mkiwa jozi kumi na mbili mnaotaka darasa lile lile, pigeni kura: sita waende mwezi wa nane, sita wasubiri mpaka wa kumi na moja, na wote wajaze daftari tangu mwanzo. Mwezi wa kumi mnalinganisha. Upepo umewavumia wote sawa, kwa hiyo tofauti kubwa mtakayoiona haitakuwa ya upepo. Jozi kumi na mbili ni wachache, msitegemee kuona tofauti ndogo, lakini mtajua zaidi ya mwandaaji.

Jirani yangu alimpigia mwandaaji wa Malindi siku ya pili, simu ikiwa juu ya meza ili mumewe asikie. Kuhusu fomu, aliambiwa huwekwa "ofisini kwa matumizi ya baadaye". Kuhusu walioacha njiani, mtu yule alicheka. Walifunga simu wakatazamana. Pesa ya semina wameiweka kwa mshauri anayekuja kisiwani kila wiki, vikao sita, na mume alipimwa sukari Jumatatu iliyofuata. Madaftari yamo ndani ya kasha la nguo, lake chini ya doti la kanga, la mumewe chini ya kikoi, na hawajaoneshana. Siku ya kufungua wameiandika kwenye kalenda ya ukutani: wiki ya kwanza ya Desemba.